Picha Niliyoisimulia Koboko

Kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini, ukumbi wa sinema wa Arua ulikuwa wa mmoja wao, mtu mfupi aliyesimama mwenyewe mlangoni na kuwaamrisha watoto wapanguse miguu. Alipoondoka, alichukua mke wake na masanduku ya nguo. Mikebe ya filamu aliiacha. Ukumbi akapewa ofisa mmoja wa jeshi ambaye hakujua lolote kuhusu sinema, ila kwamba watu hupanga foleni kuiona. Kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuleta filamu mpya kutoka Kampala, akaendelea kuonyesha zilezile zilizoachwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka zikaanza kukwaruzika na kukatika.

Ndivyo nilivyokuja kuijua kwa moyo picha ya yule msichana jasusi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, binti wa dereva wa lori la serikali. Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudani, na katika miaka ile ya utawala wa jeshi hilo peke yake liliwafanya watu wengine wadhani kwamba tunakula nyama kila siku. Baba yangu alikula vumbi la barabara ya Kampala. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na nililelewa na mke mdogo wa baba, mwanamke mwema aliyekuwa na shughuli nyingi mno kuniuliza nakwenda wapi Jumamosi mchana. Nikimwambia nakwenda kufundishana hesabu na rafiki yangu, aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye unga.

Rafiki huyo alikuwa Mlugbara, binti wa fundi seremala wa misheni ya Ombaci. Tulisoma darasa moja. Yeye aliwaambia nyumbani kwao kwamba anakuja kwetu kufundishana hesabu, kwa hiyo walau hesabu hiyo ililingana.

Picha ilikuwa hivi. Msichana wa rika letu anasoma shule ya bweni mahali penye theluji. Mwalimu wake wa piano, bibi kizee mwenye miwani, kumbe ndiye mkuu wa majasusi, na anamfundisha kupigana, kupanda kuta na kuendesha pikipiki. Kuna jenerali wa nchi isiyotajwa, mtu mnene, mwenye medali kifua kizima, anayetaka kulipua bwawa ili maji yafunike mji. Ufunguo wa mtambo wa kulipulia anauvaa shingoni. Msichana anatumwa akauibe. Kuna pia mvulana anayempenda msichana, na kazi yake yote katika picha ni kukamatwa.

Sitaipamba. Ilikuwa picha ya hivihivi tu. Gari lililofukuzana na pikipiki liliingia kwenye kona likiwa la bluu, likaporomoka bondeni likiwa jekundu. Mwalimu wa piano alipigwa risasi, akafa vizuri kabisa, kisha tukamwona akinywa chai. Kwa miezi mingi tuliamini kwamba alifufuka, mpaka tukagundua kwamba mwendesha mtambo, ambaye alikuwa koplo, alikuwa anachanganya mikebe. Sauti ilitoka kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Kiingereza chao tulikishika nusu, nusu nyingine tukaitunga wenyewe. Lakini hukuweza kutoka. Ukishaketi kwenye benchi lile na msichana yule akawasha pikipiki yake, hata kama umebanwa na haja, unasubiri.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona mahali popote, wala kusikia, msichana wa umri wangu akimwambia jenerali, "Nipe huo ufunguo." Na jenerali akatetemeka.

Siku nilipofumaniwa, dereva mwenzake baba alikuwa ameketi benchi la nyuma yetu. Hangenitambua kwa kisogo, maana nilijifunika shela. Alinitambua kwa sauti. Mlinzi wa jenerali alikuwa anamnyemelea msichana kwa kisu, na mimi, ambaye nilijua fika kwamba atageuka kwa wakati wake, nikasimama na kupiga kelele, "Nyuma yako!"

Jioni baba aliniita uani.

"Mtoto wa kike," alisema, "anapiga kelele katikati ya wanaume?"

"Baba, alikuwa hajamwona yule mtu."

Baba alinitazama. Nadhani alitaka kucheka, na hilo lilimkasirisha zaidi kuliko kosa lenyewe. Hakunipiga. Alisema kesho yake anapeleka mzigo Koboko, na kwamba nitapanda lori niende nikakae kwa dada yake mpaka nijifunze adabu ya watu wa nyumbani. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na hata ikifunguliwa, akasema, ataangalia.

Shangazi yangu huyo alikuwa mjane, mwembamba, mrefu kuliko baba, na alifuma kawa. Kawa za Wanubi si kifuniko cha chakula tu, ni rangi juu ya rangi, nyekundu na zambarau na kijani, na za shangazi zilikwenda mpaka Kampala kwenye nyumba za wakubwa. Alinipokea, akaniweka mbele ya ukindu wa kuchambua, akamwacha kaka yake amalize mahubiri yake yote. Lori lilipoondoka akaniuliza, "Hiyo picha iliyokufukuzisha nyumbani, inahusu nini?"

"Jasusi, shangazi."

"Mwanamume?"

"Msichana."

Akavuta mkeka wake karibu. "Hebu."

Nilianza kumsimulia yeye peke yake, barazani, mikono yetu ikiendelea na kazi. Nilitia milio. Pikipiki niliiunguruma kwa midomo, risasi nikazipiga kwa ulimi, na nilipofika kwenye theluji, ambayo hata mimi sikuielewa vizuri, nilisema ni kama pamba inayoanguka kutoka mbinguni na kuuma ngozi. Jirani mmoja akaja kuazima sindano, hakuondoka. Siku ya pili walikuja wengine na kawa zao. Mwanamke wa Kikakwa kutoka Dranya, aliyekuwa akituletea ukindu na karanga, alikuwa anataka kurudi kwao kabla ya jua kali, lakini akaketi kwenye ngazi, mzigo bado kichwani.

"Mama yake huyu mutoto iko wapi?" aliuliza, kwa Kiswahili chetu cha huku.

"Picha haikusema."

"Hapana sema? Mutoto anaruka juu ya treni na mama yake hapana juwa?"

Wanawake walicheka, lakini swali lile waliliona la maana kuliko bwawa na ufunguo. Ilibidi nimtafutie msichana mama. Nikasema mama yake alifariki, na kwamba bibi wa piano ndiye aliyemlea. Hapo waliridhika, wakaniruhusu niendelee. Walinirekebishia mengi. Lile gari lililobadilika rangi walisema yalikuwa magari mawili, na kwamba mtu yeyote mwenye akili angeliona hilo. Kuhusu yule mvulana wa kukamatwakamatwa, shangazi alisema wanaume wa namna hiyo anawajua, niruke sehemu zake.

Kisha siku moja wakaniuliza jenerali alikuwa mtu wa sura gani.

Nilisema nilichokiona. Mnene. Mrefu. Anacheka sana, kwa sauti, na kila akicheka watu wote mezani wanacheka pia huku wanamtazama mikono. Anapenda kuvaa medali hata akienda kula.

Vidole vyote barazani vilisimama.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini si mtoto kiasi hicho. Nilielewa nilichokisema pale pale kilipotoka. Sikuwa nimetaja jina la mtu yeyote, na picha ile ilitengenezwa ng'ambo na watu ambao pengine hawakujua Koboko iko upande gani wa dunia. Lakini Koboko ilikuwa mji wa wanajeshi. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtoto, mume au shemeji jeshini, na mambo ya wakubwa hayakuongelewa hata na mtu na mtoto wake.

Kando ya shangazi alikaa jirani yetu wa ukuta mmoja. Mume wake alikuwa fundi wa magari ya jeshi. Mwaka mmoja nyuma aliitwa kambini asubuhi, akavaa viatu, akaenda. Hakurudi. Mke alipokwenda kuuliza, aliambiwa mumewe amesafiri, na kwamba mke wa mtu aliyesafiri halii wala hakai eda. Basi alikuwa anaishi hivyo, si mjane wala si mke, akivaa nguo zake za kila siku na kufuma. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea barazani pale tangu nifike. Siku ile ndipo aliposema.

"Huyo mtu," aliuliza, akiwa ameinamia kazi yake, "anaanguka lini?"

"Mwishoni, mama."

"Anaanguka kweli?"

"Kweli. Anaanguka kutoka baraza ya juu ya nyumba yake, anaingia ziwani. Ziwa ni la baridi. Medali zinamvuta chini."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Shangazi akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Endelea."

Tangu hapo jirani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Sehemu za pikipiki hazikumhusu. Alisubiri ziwa. Kila nikimaliza picha, wengine waliomba nirudie treni, yeye aliomba nirudie ziwa, na aliuliza vitu ambavyo sinema haikuonyesha: je, alipiga kelele? Kuna mtu aliyemrushia kamba? Nikasema walinzi wake wote walisimama barazani wakatazama, na hakuna hata mmoja aliyetafuta kamba. Hilo nililitunga mimi. Silijutii.

Yule mwanamke wa Dranya aliipeleka picha kwao, na huko, nilikuja kusikia, msichana akapewa baiskeli, theluji ikawa mvua ya mawe, na bwawa likawa daraja. Hadithi ikazunguka vijiji na kurudi mjini kwa njia nyingine, na mwishowe ikaingia katika sikio lisilofaa.

Alikuja asubuhi, nikifagia. Shati la maua, miwani myeusi, viatu vya kisigino kirefu ambavyo watu wa usalama walikuwa wakivipenda wakati ule. Alikuwa kijana. Kwa lafudhi hakuwa mtu wa kwetu.

"Wewe ndiyo iko nafundisha wanawake mambo ya ujasusi?"

"Mimi nasimulia picha."

"Picha gani?"

"Ya sinema ya Arua."

Shangazi alitoka na kumwomba akaribie chai. Alikataa chai, jambo ambalo huku maana yake mgeni hakuja kwa heri, akaniamuru nimfuate. Shangazi alitaka kuja, akamwambia akae. Sikugeuka nyuma.

Alinipeleka kwenye nyumba moja kando ya barabara ya mpakani, iliyokuwa duka la Mhindi. Rafu zilikuwa bado ukutani, tupu. Ndani palikuwa na meza, kiti kimoja, na mwenzake aliyelala kwenye benchi.

"Simulia," aliniambia. "Yote. Nasikia mwenyewe."

Nikasimulia, nimesimama. Picha ile nilikuwa nimeisema mara nyingi mno, ilijiendesha yenyewe. Nilipofika kwenye treni, mwenzake aliinuka kutoka kwenye benchi. Nilipofika pale msichana anapojificha chini ya meza ya jenerali, yule kijana wa miwani alivua miwani.

"Walinzi iko wapi?" aliuliza kwa hasira.

"Wanacheza karata."

"Wajinga hawa! Halafu?"

"Halafu mmoja akaangusha karata chini ya meza."

Mwenzake aliguna. Kijana akamnyamazisha kwa mkono. Kwa muda walikuwa wavulana wawili tu kwenye benchi la sinema, na ningeweza hata kuwapenda. Msichana alipoukata ufunguo shingoni mwa jenerali, yule mwenzake akapiga paja.

Kisha nikasema jenerali anaanguka ziwani, na kijana akakumbuka yeye ni nani. Akavaa miwani.

"Hapana," alisema. "Hapo iko mbaya. Sikiliza mimi. Jenerali hapana anguka. Jenerali anakamata huyu musichana. Musichana anapiga magoti, anaomba musamaha, jenerali iko na moyo muzuri, anasamehe yeye. Mwisho. Leo mchana utasimulia hivyo kwa wanawake wote, na mimi nitakaa pale nasikia."

Ningeweza kusema ndiyo. Watu wengi wenye akili walisema ndiyo miaka ile, wakaishi, wakalea watoto wao, wala simlaumu hata mmoja. Maneno yalikuwa yale tu, ya picha ya ovyo, ambayo hata waliotengeneza huenda walikuwa wameshaisahau. Lakini nilimwona jirani yetu ameinama juu ya kawa yake akisubiri ziwa. Mtu yule alikuwa amenyimwa maiti, amenyimwa kaburi, amenyimwa hata kulia. Kilichobaki ni lile ziwa nililompa mimi, na sasa huyu kijana wa shati la maua alitaka niende nikamnyang'anye mbele ya watu.

"Picha haikuisha hivyo," nikasema.

"Nasema itaisha hivyo."

"Anaanguka."

Alinipiga kofi. Sikio liliwaka na kulia kama kengele ya shule. Nilishika rafu nisianguke, maana nilikuwa nimeshaamua kwamba katika chumba kile mimi siye nitakayeanguka.

"Anaanguka," nikasema tena, na safari hii nilipiga kelele, kama nilivyopiga kelele kule ukumbini.

Mwenzake alimshika mkono kabla hajanipiga tena. Wakanifungia stoo ya nyuma, mahali palipokuwa na harufu ya chumvi na mafuta ya taa, wakaniambia nitatoka nitakapokuwa nimejifunza mwisho.

Niliogopa sana mle ndani. Nililia, nikajifuta, nikalia tena. Nilifikiria watu waliovaa viatu asubuhi wakaenda. Mlango ulikuwa wa mbao, na kwenye ufa wake niliweza kuona kipande cha barabara. Kupitia ufa huo nikamwona jirani yetu akija. Alikuwa peke yake. Alitandika mkeka wake mbele ya nyumba ile, katikati ya jua, akatoa kawa yake na ukindu wake, akaanza kufuma.

Baada ya muda akaja shangazi, akaketi ubavuni mwake. Wakaja wengine, wawili wawili, kila mmoja na mkeka wake. Yule wa Dranya naye akaja na mzigo wake wa karanga, akautua, akaanza kuzimenya kana kwamba yuko kwake.

Kijana alitoka nje. Nilimsikia.

"Nyinyi nataka nini hapa? Ondoka!"

"Tunasubiri," shangazi alimjibu. "Mtoto wetu anatusimulia picha, na umemchukua kabla hajamaliza."

"Mimi itakamata nyinyi wote!"

"Tuko hapa," shangazi alisema. "Hatujajificha."

Kijana alifoka, akaingia ndani, akatoka tena. Wanawake walifuma. Unapaswa kuelewa ugumu uliompata. Koboko si Kampala. Pale kila askari ana mama, na yeye mgeni hakujua ni yupi kati ya wale wazee waliokaa juani alikuwa mama wa nani. Bibi aliyekuwa anatafuna karanga mbele ya mlango wake huenda alimnyonyesha kamanda fulani. Ilikuwa Ijumaa, na msikiti ulipotoka, wanaume walipita barabara ile wakawakuta mama zao na wake zao juani. Wakasimama. Hawakukaa, wanaume wale. Lakini hawakuendelea na safari zao pia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kijana alipofungua stoo.

"Toka. Na hii picha usisimulie tena. Umesikia?"

Kabla sijajibu, shangazi alikuwa ameshafika mlangoni, akinishika kidevu na kuligeuza sikio langu lililovimba kwenye mwanga. Alilitazama vizuri. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, "Atasimulia kesho. Baraza yangu unaijua. Ukija, uje unywe chai."

Nyumbani alinikanda sikio kwa maji ya moto, akainuka mara mbili kwenda kuchungulia barabara. Nikamwambia, kama anaogopa, sitasimulia. Akasema, "Naogopa. Utasimulia."

Kesho yake baraza haikutosha, watu walikaa mpaka uani. Kijana naye alikuja, lakini hakuvuka barabara. Alisimama upande wa pili na sigara, miwani machoni. Nilianza kwa sauti ndogo, kisha nikaona ni upuuzi, kama anataka kusikia basi asikie. Nikapaza sauti. Pikipiki iliunguruma mpaka ng'ambo ya barabara. Nilimpa kila kitu, treni, karata, meza, ufunguo. Nilipofika ziwani sikuharakisha. Nilimsimamisha jenerali juu ya baraza yake, nikamwacha acheke kicheko chake cha mwisho, nikamwangusha. Nikasema maji yalifunga juu yake, na medali zikamvuta, na kwamba hapakuwa na kamba.

Jirani yetu aliweka kawa yake chini. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio chenyewe, kile cha msiba, kinachoanzia tumboni na kutangaza kwa mji mzima kwamba hapa kuna mtu aliyekufa. Alimwita mume wake kwa jina. Hakuna aliyemnyamazisha. Wanawake walimzunguka, shangazi akavua shela yake akamfunga nayo kiunoni kama wafanyavyo kwa mfiwa, na mmoja mmoja wakaanza kuitikia. Tulimlilia fundi yule pale pale, mchana kweupe, mwaka mzima na zaidi baada ya kwenda kwake.

Nilipotazama ng'ambo ya barabara, kijana hakuwapo. Kwa majuma tulisubiri lori la jeshi lije kutuchukua. Halikuja. Baadaye tukasikia amehamishwa. Kama ni kwa ajili yetu au kwa mambo yao wenyewe, sikujua, na sikuuliza.

Baba alikuja mara tu habari zilipomfikia Arua. Aligombana na shangazi chumbani, na ingawa walifunga mlango tulisikia yote. Aliwaza angekuja kunizika, alisema, halafu akakumbuka kwamba siku hizi hata maiti hupewi. Shangazi akamjibu, "Ungemlea awe bubu basi." Baba akatoka, akaniambia nipande lori. Tulipokaribia Arua alipunguza mwendo.

"Jumamosi wanaionyesha?" aliuliza.

Aliketi karibu nami kwenye benchi la mbele, mbele ya watu wote, kofia yake magotini. Koplo alichanganya mikebe kama kawaida. Gari liliingia kwenye kona likiwa la bluu na kutoka likiwa jekundu, baba akaguna kwa uchungu wa dereva. Lakini yule mlinzi aliponyemelea na kisu, nilimwona baba ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Tulipotoka nje alisema, "Picha ya ovyo kabisa." Kisha akaninunulia miwa. Shule ilipofunguliwa nilirudi.

Miaka michache baadaye serikali ile ilianguka, si ziwani, ila ilianguka. Wanajeshi walirudi nyuma kuelekea kaskazini na magari yaliyojaa vitu vya watu, na sisi Wanubi, wenye hatia na wasio na hatia, tulijua kwamba waliokuwa wanakuja nyuma yao hawatauliza nani ni nani. Wakati huo nilikuwa nimehamia kwa shangazi, na tulitoka Koboko kwa miguu kwenda mpaka wa Sudani, yeye na godoro kichwani, mimi na sufuria na mtoto wa jirani mwingine mgongoni.

Karibu na mpaka, lori moja la jeshi lilikuwa limeishiwa mafuta. Sajenti alikuwa pembeni na redio kubwa ya sebuleni, ile yenye miguu ya mbao na mahali pa kuwekea sahani za muziki. Bunduki ilikuwa begani. Aliniona kijana na mwenye nguvu.

"Wewe! Weka hiyo sufuria. Beba hii."

Barabara nzima ilinisikia, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikuona haja ya kunong'ona. "Mimi nabeba mtoto," nilisema. "Redio yako beba mwenyewe."

Alishika mkanda wa bunduki. Nikasimama nimtazame, mtoto mgongoni akinyonya kidole. Shangazi hakusimama. Alinipita na godoro lake, akasema bila kugeuka, "Twende, jua linazama."

Sajenti alitazama bunduki, akatazama redio. Watu waliendelea kupita. Mwishowe akachuchumaa, akaikumbatia ile redio kwa mikono miwili, akainuka nayo kwa shida, akaingia kwenye foleni nyuma yetu.